Walioiona Silaha Wasimwone Mtu: Hadithi za Mwanzo za Vita Vijavyo

Mwezi Oktoba, mwaka 1883, gazeti la vichekesho la mjini Paris liitwalo La Caricature lilitoa toleo lililohusu vita vya karne ya ishirini. Mwandishi na mchoraji wake alikuwa Mfaransa Albert Robida. Vita alivyovichora aliviweka katika mwaka 1975, na mahasimu aliowachagua walikuwa Australia na Msumbiji. Robida alikusudia wasomaji wake wacheke, na kwa maoni yetu sehemu kubwa ya kichekesho ilikuwa katika uchaguzi huo. Ni nani Paris, katika zama zile, angeweza kuwaza kuwa Msumbiji ingekuja kuwa na jambo la kupigania?

Sisi tuisomao habari hiyo leo hatuwezi kucheka kwa kicheko kilekile. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilipata uhuru wake, na ilikuwa kweli imetoka vitani. Vita hivyo vilianza tarehe 25 Septemba 1964, vikaongozwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea katika ardhi yetu. Basi Robida aliupata mwaka, akaipata na nchi. Alichokikosa ni kimoja tu, nacho ni watu wa nchi hiyo.

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza hadithi za aina hiyo, yaani hadithi zilizoandikwa Ulaya na Marekani tangu mwaka 1871 hadi 1914 zikibuni vita vijavyo na zana zake. Huenda msomaji akauliza hadithi hizo zina uhusiano gani na utamaduni wa taifa letu. Jibu letu ni kwamba vijana wetu wamekuwa wakizisoma, na zaidi wamekuwa wakiwaona watoto na wajukuu wa hadithi hizo katika sinema, nao huambiwa kuwa waandishi wake walikuwa mabingwa wa kuona mbele. Taifa linalopokea fasihi ya wengine bila kuipima hupokea pamoja nayo mizani ya wengine. Dai letu ni hili: waandishi hao waliiona silaha kwa macho makali sana, lakini mtu aliyesimama mbele ya silaha hiyo hawakumwona, au walimwona pale tu alipokuwa na sura yao wenyewe.

Hofu ya Wenye Nguvu

Wataalamu wa fasihi, akiwamo Mwingereza I. F. Clarke aliyetoa kitabu kizima juu ya somo hili mwaka 1966, hukubaliana kuwa aina hii ya hadithi ilipata umbo lake mwezi Mei 1871, ilipochapwa katika jarida la Blackwood's hadithi iitwayo The Battle of Dorking. Haikutiwa jina la mwandishi. Baadaye ilijulikana kuwa aliyeiandika ni George Chesney, ofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Ufaransa ilikuwa imekwisha kushindwa na Wajerumani, na Ulaya yote ilikuwa imeshangazwa na wepesi wa ushindi huo. Chesney alitaka kuwaonya wananchi wake kwamba na wao wangeweza kufikwa na hayo.

Fani ya hadithi hiyo ni rahisi, na katika urahisi huo umo ubora wake. Msimulizi ni mzee. Katika ujana wake alikuwa askari wa kujitolea, na sasa, baada ya miaka hamsini, anawasimulia wajukuu wake jinsi nchi yao ilivyopotea. Manowari za Kiingereza zinaangamizwa na vyombo vya siri vya adui ambavyo msimulizi hata hawezi kuvieleza sawasawa. Adui anashuka pwani. Askari wa kujitolea wanapelekwa huku wakirudishwa kule, chakula hakifiki, amri zinagongana, na watu wenye moyo wa kupigana wanashindwa kwa sababu hakuna aliyewatayarisha. Mtu wa kwetu akiisoma atajikuta mahali anapopafahamu: babu ameketi, wajukuu wamemzunguka, na habari inayotolewa ni ya msiba ulioipata nchi. Chesney alijua kuwa majuto ya mzee humwingia msikilizaji kuliko hotuba ya jemadari.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza: mwandishi huyu aliogopa nini? Katika hadithi yake jeshi halipo nyumbani kwa sababu limetawanywa India, Kanada na Ailandi kuzilinda milki. Na adhabu ya kushindwa ni kunyang'anywa milki hizo na kuonja unyonge wa mtu aliyetawaliwa katika nchi yake. Chesney mwenyewe alikuwa askari wa India. Wahindi walipoasi mwaka 1857, yeye alikuwa miongoni mwa waliouzingira mji wa Delhi, na huko alijeruhiwa. Basi aliyekwenda kuutwaa mji wa watu ndiye aliyeota mji wake ukitwaliwa. Hatusemi kuwa alilijua hilo. Twasema tu kwamba hofu yake ilikuwa na chimbuko, na chimbuko hilo halimo katika hadithi. Wahindi wametajwa kama shughuli iliyowaweka askari mbali, basi.

Hadithi hiyo ilisomwa mno, hata Waziri Mkuu Gladstone akalazimika kusimama hadharani mwezi Septemba mwaka uleule kuwaonya watu wasitiwe kiwewe nayo. Ikafuatwa na nyingine nyingi. Wachapaji walikuwa wamegundua kuwa hofu ni bidhaa, tena haiozi.

Mfano mbaya kuliko yote ni The Invasion of 1910 cha William Le Queux, kilichotolewa katika gazeti la Daily Mail mwaka 1906. Imesimuliwa mara nyingi kwamba mwenye gazeti, Lord Northcliffe, hakuridhika na njia ambayo adui alipitishwa na mwandishi, kwa kuwa ilipita vijijini ambako wanunuzi walikuwa wachache. Basi jeshi la Wajerumani likageuzwa likapitishwa katika miji mikubwa. Watu walivishwa mavazi ya askari wa Kijerumani wakatembezwa katika barabara za London wakiwa wamebeba mabango ya kuutangaza uhondo huo. Ndani ya kitabu mna majina ya barabara, mna matangazo ya jemadari, mna idadi za vikosi, mtu hamna. Kitabu cha namna hiyo hakiwezi kuitwa onyo, kwa maana mwenye kuonya huchagua njia ya kweli na wala haangalii njia yenye wateja. Miaka minane baadaye vita vyenyewe vilikuja, navyo viliwakuta wasomaji wamekwisha kuzoeshwa kumchukia jirani.

Mashine na Wenye Kuziota

Tukija katika suala la zana, hatuna budi kuwapa waandishi hawa haki yao. Robida, katika albamu aliyoitoa mwaka 1887 akarudia somo lilelile, alichora ngome zinazotembea kwa magurudumu, vyombo vya chini ya maji, wakemia wanaorusha gesi ya kukaba pumzi, na kikosi cha matabibu ambao kazi yao ilikuwa kueneza maradhi badala ya kuyaponya. Alichora kwa mzaha. Wala haikupita miaka thelathini kabla mzaha wa gesi haujawa mauti ya kweli katika mahandaki ya Ubelgiji mwaka 1915.

Arthur Conan Doyle, anayejulikana zaidi kwa hadithi za upelelezi, alichapisha Danger! katika jarida la Strand mwezi Julai 1914. Ndani yake nchi ndogo ya kubuni inailaza Uingereza na njaa kwa kutumia nyambizi nane tu. Badala ya kupigana na manowari kubwa, nyambizi hizo zinazamisha meli za chakula. Jarida liliwaomba mabaharia wakuu watoe maoni, na baadhi yao wakaona kuwa jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hakuna taifa la kistaarabu litakalothubutu. Wiki chache tu baadaye vita vilianza, na kabla havijaisha nyambizi za Wajerumani zilikuwa zimezamisha meli za biashara kwa maelfu.

Lakini mkuu wao wote ni H. G. Wells. Mwaka 1903 aliandika hadithi fupi iitwayo The Land Ironclads. Majeshi mawili yamekabiliana katika mahandaki. Upande mmoja ni watu wa mashamba, warefu, wazoefu wa farasi na bunduki. Upande wa pili ni watu wa mjini, ambao wale wa kwanza huwadharau. Alfajiri moja watu wa mjini wanaleta ngome za chuma zitambaazo, zinavuka mahandaki kama kwamba hayapo, na vita vinakwisha. Miaka kumi na mitatu baadaye, tarehe 15 Septemba 1916, mashine za namna hiyo zilitokea kwa mara ya kwanza katika uwanja wa vita huko Somme. Waswahili walipoziona waliziita vifaru, na jina hilo lina ukweli kuliko majina mengi, kwa maana mnyama yule naye hukujia bila kukuuliza wewe ni nani.

Uzito wa hadithi hiyo hauko katika chuma. Uko pale msomaji anapoingizwa ndani ya mashine, akawakuta vijana watulivu wameketi kila mmoja katika kijumba chake, wakilenga shabaha kwa vyombo vya hesabu, kama makarani wanaojaza daftari. Wells aliona kuwa vita vijavyo havitahitaji hasira. Mtu ataua kama anavyofanya kazi ya ofisi, kisha ataenda kunywa chai. Katika karne hii yetu, ambapo ndege zisizo na rubani zimekwisha kuua watu kwa kuongozwa kutoka chumba kilicho mbali nao kwa maelfu ya kilomita, hatuwezi kusema kuwa alikosea.

Katika The War in the Air (1908) Wells alikwenda mbele zaidi. Mhusika wake ni Bert Smallways, kijana wa duka la baiskeli, mtu wa kawaida asiye na ushujaa, anayejikuta kwa bahati mbaya ndani ya merikebu za hewani za Ujerumani zikienda kuupiga New York. Mji unasalimu amri, wananchi wanakataa, mji unachomwa. Hapo ndipo Wells anapofunua jambo ambalo majemadari wengi wa baadaye walichelewa kulijifunza: chombo cha angani kinaweza kuuharibu mji, lakini hakiwezi kuukalia wala kuutawala. Kwa hiyo vita vya anga havina ushindi. Vinaenea tu, mpaka dunia nzima inarudi katika ufukara. Kumchagua mtu mdogo kama Bert kuwa jicho la habari kubwa namna hiyo ni ustadi ambao waandishi wetu wanaweza kujifunza kwake bila aibu.

Mwaka Mwingine: 1976

Hata hivyo kitabu hichohicho kina doa. Watu wa Asia wanapotokea ndani yake huja kama wingu la nzige, wengi, hodari wa mashine, wasio na Bert wao. Doa hilo katika vitabu vya wengine limekuwa kitambaa kizima.

Mwaka 1910 Jack London, mwandishi wa Marekani aliyejiita msoshalisti, alichapisha hadithi iitwayo The Unparalleled Invasion. Nayo imewekwa katika mwaka ambao sisi twaukumbuka: 1976. China imeamka, watu wake wameongezeka, na mataifa ya Magharibi yanaogopa wingi wao. Basi vyombo vya angani vinapita juu ya miji ya China na kudondosha vibomba vya kioo vilivyojaa vijidudu vya kila maradhi. Mipaka imezungukwa na majeshi, bahari imezungukwa na manowari, na anayekimbia anapigwa risasi. Taifa zima linakufa, kisha ardhi yake inagawanywa. Mwishoni mataifa yaliyofanya kazi hiyo yanaapishana kwamba kamwe hayatatumiana silaha ile wao kwa wao.

Wako wahakiki wasemao kuwa London alikejeli, na kwamba kiapo hicho cha mwisho ni dalili ya kejeli yake. Yawezekana. Lakini kejeli hupimwa kwa yule inayemchoma, nasi tukisoma twaona kuwa, ukimwacha kiongozi mmoja, Wachina wa hadithi hii ni hesabu tu. Ni mamilioni. Hakuna mama mwenye jina anayemfunika mwanawe. Mwandishi aliyejua kumpa mbwa nafsi, na hilo London alilijua kuliko wengi, angeweza kumpa nafsi mtu wa Peking kama angependa.

Mwaka 1976 halisi ulipofika, mambo yalikuwa mengine. Mwezi Julai mwaka huo reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Ilikuwa imejengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina pamoja, na baadhi ya Wachina hao wamezikwa hapa. Basi twapata miaka miwili iliyoandamana, 1975 na 1976. Wa kwanza alibashiriwa na Mfaransa, wa pili na Mmarekani, na yote miwili ilikataa kuwa kama ilivyoandikwa, kwa sababu watu waliowekwa ndani yake kama vichekesho au kama tauni walikuwa na mipango yao wenyewe.

Silaha Zilikwisha Kuwapo

Yako maelezo rahisi yasemayo kwamba waandishi hao walikuwa mbele ya wakati wao. Twaomba yapimwe upya. Silaha nyingi walizozibuni hazikutoka katika kesho. Zilitoka mbali, na umbali si sawa na kesho.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani wa Unguja, ambamo Khalid bin Barghash alikuwa amejitawaza. Mizinga ililia kwa dakika zisizofika hamsini. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa katika jumba na viunga vyake. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Miezi minane baadaye, Aprili 1897, jarida la Pearson's lilianza kutoa The War of the Worlds cha Wells, kisa cha viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaoushukia Uingereza wakiwa na mwale wa moto na moshi mweusi ambao hauna kinga. Kitabu kilitoka mwaka 1898. Mwaka huohuo, tarehe 2 Septemba, huko Omdurman nchini Sudan, Wasudani zaidi ya 10,000 walikufa katika asubuhi moja mbele ya bombomu na mizinga ya Kitchener, ambaye alipoteza watu wasiofika hamsini. Hatudai kuwa Wells aliandika kwa ajili ya Unguja. Twasema kwamba kile ambacho msomaji wa London alikisoma kama ndoto ya kutisha, mtu wa Unguja na mtu wa Omdurman walikuwa wamekiona kwa macho.

Na Wells, tofauti na wengine, alilijua jambo hilo. Mwanzoni mwa kitabu chake anawaomba Waingereza wasiwahukumu haraka watu wa Mirihi, bali kwanza wakumbuke waliyowatenda watu wa Tasmania. Hapo ameinua fasihi yake juu ya hofu ya Chesney: amemtia mwenye nguvu katika ngozi ya mnyonge. Ni tendo kubwa, nasi hatutalipunguza. Lakini tuangalie na mpaka wake. Watasmania wametajwa ili Mwingereza ajitafakari. Hawakuitwa waje waseme. Tena wametajwa kama watu waliokwisha kufutika, hali wazao wao wapo hadi leo na wanaidai historia yao. Hata mwenye huruma kuliko wote alimwona mnyonge kama mfano, wala hakumwona kama jirani.

Nchini mwetu pia kesho hiyo ilifika mapema. Mwezi Agosti 1905 Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wadachi huko Mohoro, karibu na mto Rufiji, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Wanahistoria wamekadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Miaka kumi tu baadaye, katika mto uleule, ndege za Kiingereza zilizokuwa zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliizungukia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta, zikaielekeza mizinga, nayo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mtoto wa Rufiji aliyezaliwa mwaka wa Maji Maji aliona vita vya angani akiwa na umri wa miaka kumi. Hakuvisoma katika jarida.

Mwezi Novemba 1917 tena, merikebu ya hewani ya Ujerumani iliyoitwa L59 iliondoka Bulgaria ikiwa na tani kadhaa za risasi na dawa kuja kumsaidia Lettow-Vorbeck katika Afrika ya Mashariki. Ilikusudiwa isirudi: hata kitambaa chake kingekatwa kiwe mahema. Ilifika Sudan, ikaitwa irudi, na ilipotua ilikuwa imekwisha kukaa angani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700. Hadithi yoyote ya wakati ule ingeona fahari kuwa na safari hiyo. Lakini chini ya anga hiyo, vita vya Afrika ya Mashariki vilikuwa vikienda kwa vichwa na mabega ya wapagazi waliokufa kwa maradhi na uchovu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wetu ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kila tuendapo sokoni Dar es Salaam tunalitamka jina la watu ambao hadithi za vita vijavyo hazikuwabuni, ingawa vita vyenyewe visingeweza kwenda hatua moja bila wao.

Urani ya Katanga

Mfano wa mwisho ndio mzito kuliko yote. Mwaka 1914 Wells alitoa The World Set Free, ambamo marubani wanadondosha kwa mikono yao mabomu aliyoyaita ya atomiki, nayo huendelea kuwaka kwa siku nyingi. Mwanafizikia Leo Szilard alikisoma kitabu hicho mwaka 1932, na mwaka uliofuata, akiwa London, akapata wazo la jinsi atomu moja ikipasuka inavyoweza kuzipasua nyingine. Baadaye alisema waziwazi kuwa kitabu kile kilimfanya aelewe hatari ya wazo lake. Na mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioomba bomu lisitumiwe juu ya miji. Ombi hilo halikusikilizwa. Tarehe 6 Agosti bomu lilianguka Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine Nagasaki.

Wells aliipa madini ya bomu lake jina la kubuni. Madini ya kweli yalikuwa na mahali yanapotoka. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe katika Katanga, nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Na zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimepelekwa New York tangu mwaka 1940. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za migodi ya Katanga. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili alikuwamo ndani ya kisa cha bomu la atomiki tangu jiwe la kwanza, na alilishika kwa mkono wake. Katika riwaya iliyolitabiri bomu hilo hayumo.

Na Sisi Je?

Atatokea mtu atakayesema kuwa tunawaonea wafu, kwa sababu mwandishi ni mtoto wa zama zake na hawezi kuona asichofundishwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama waandishi hao wangekuwa vipofu wa kila kitu. Lakini waliweza kuona kifaru kabla ya kifaru, na ndege ya vita kabla ya ndege ya vita. Ambaye jicho lake lafika miaka thelathini mbele hawezi kujitetea kuwa halikufika ng'ambo ya pili ya bahari, ambako bendera yake ilikuwa ikipepea na magazeti yake yakipeleka habari kila wiki.

Bali lawama peke yake haijengi fasihi. Tujiulize sisi tumefanya nini na somo hili. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), aliligusa kwa namna ambayo Robida na Wells hawakuifikia. Maji ya Kinjeketile yalikuwa nayo silaha ya kubuniwa, zana ya kesho iliyoahidiwa watu wasio na bombomu. Mwandishi hakuyacheka maji hayo wala hakuyatukuza. Aliuliza yanamfanya nini mtu anayeyaamini, na yule aliyeyatamka anabaki na deni gani anapoona watu wanakwenda kufa kwa neno lake. Hilo ndilo swali ambalo Le Queux alipaswa kujiuliza kabla ya kupokea malipo ya gazeti. Mwenye kubuni silaha, iwe ya chuma au ya imani, ana deni kwa watakaosimama mbele yake na nyuma yake.

Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa ametupa Kusadikika (1951), nchi iliyo angani. Katika miaka ambayo wengine waliijaza anga kwa mabomu, yeye aliweka huko baraza la hukumu na mtu mmoja, Karama, anayeomba kusikilizwa. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo wake kwa chombo cha angani ili aione jamii yenye haki. Huu ni mkondo, na ni wetu. Ndani yake anga ni mahali pa kuipimia haki ya duniani.

Hatuwashauri waandishi wetu waache kuandika habari za vita vijavyo. Vita havikuacha kuja kwa sababu hatukuviandika, na wazungumzaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo wamevijua hata katika karne hii. Twashauri kwamba aandikaye habari hizo aanze pale wengine walipoacha. Ajue chombo kinavyofanya kazi, kama Wells alivyojua. Asimulie kwa utulivu wa mzee mbele ya wajukuu, kama Chesney alivyosimulia. Kisha afanye ambalo wao hawakulifanya: ampe jina aliye chini ya chombo hicho, na jina la kijiji chake, na ajue alikuwa akipika nini asubuhi hiyo.

Wafasiri nao wana kazi. The War of the Worlds na The Land Ironclads zinastahili kusomwa kwa Kiswahili kizuri, na zitolewe na dibaji itakayoitaja Unguja ya 1896 na Rufiji ya 1915. Msomaji wetu kijana atakapofika mahali ambapo London inakimbiwa na watu wake, akina mama wamebeba watoto na vyungu, asione ajabu ya mambo yajayo tu. Aulize bibi yake. Huenda katika ukoo wao habari hiyo imekwisha kusimuliwa.